Umbo la jiko la kigae lilipatikana hapa hapa

Hapana ndugu, jiko la makaa lenye kigae cha udongo halikuletwa Nairobi kutoka Ulaya likiwa tayari kama unavyosema. Wazo la kigae ndani ya chuma lilitoka Thailand, kwenye jiko lao la ndoo, na mapema miaka ya 1980 watafiti wa hapa wakashirikiana na mafundi wa jua kali, wale wa karakana ndogo za mitaani, kulibadilisha. Mifano ya kwanza ilikuwa na udongo kuanzia juu hadi chini: mizito, na ilipasuka, kwa sababu udongo na bati havitanuki sawa vikipata moto. Ndipo kigae kikabakizwa nusu ya juu tu, pale makaa yanapokaa, na bati likakunjwa kuwa na kiuno ili kukishikilia. Kiuno hicho ni kazi ya usanifu hasa, tena nzuri mno, na inaniuma ikiitwa bahati ya fundi. Nafundisha usanifu wa bidhaa, na wanafunzi huwa nawapeleka Shauri Moyo, mtaa wa Nairobi wenye mafundi wa majiko, wajionee bati likikatwa na kugongwa.

Ila ukisikia kwamba linaokoa makaa asilimia 30 hadi 50 kuliko jiko la bati tupu, uliza kwanza kigae kilichomwa vipi. Kisichoiva tanurini hupasuka mapema, na kikishavunjika umerudi kwenye jiko la zamani.