Usitie sahihi hiyo Ijumaa

Usitie sahihi. Agape, neno la Kigiriki la upendo, na maneno mengine ya Kigiriki uliyouliza yatafuata, lakini hili kwanza, maana umesema karatasi zinapelekwa Ijumaa.

Kwa anayeanzia hapa: mleta uzi anataka kujua upendo wa Kikristo una maana gani hasa katika maisha ya kila siku. Mwenzake wa kikundi cha maombi anamwomba awe mdhamini wa mkopo. Kiongozi wao amemwambia kwamba agape haina masharti, na kwamba kukataa ni dalili ya upendo uliopoa, kwa sababu "upendo huvumilia yote, huamini yote". Ameuliza pia ampende vipi mtu wa kazini anayemsema vibaya, na kama kumpenda adui ni lazima umhisi moyoni; hayo mawili siyagusi hapa.

Mimi niliwahi kutia sahihi ya namna hiyo nikiwa nimefundishwa maneno hayohayo, na deni nililimaliza mimi. Habari yenyewe naiacha. Kanuni niliyotoka nayo ni moja: upendo hutoa kilichopo, haudhamini kisichopo. Ishike hiyo hata kama mengine yote ya hapa chini hutayasoma.

Fungua Mithali 17. Mstari wa 17 unasema rafiki hupenda sikuzote, na ndugu amezaliwa kwa siku ya taabu. Mstari huo unahubiriwa kila mahali, unaandikwa kwenye kadi za harusi. Sasa shuka mstari mmoja tu. Wa 18 unasema anayepeana mikono na kuwa mdhamini mbele ya mwenzake ni mtu asiye na akili. Imekaa hapohapo, bega kwa bega na upendo wa sikuzote. Na si mahali pamoja tu: Mithali 6:1-5, 11:15, 20:16 na 22:26-27 zote zinarudia onyo la dhamana. Ile ya 22 inamwonya mdhamini asiye na cha kulipa kwamba kitanda kitaondolewa chini yake. Kitabu kilekile kinahimiza kumpa maskini na kutomwambia jirani "njoo kesho" wakati kitu unacho (3:27-28). Kwa hiyo aliyekuambia Biblia haitofautishi kutoa na kudhamini, ama hajasoma, ama amesoma akanyamaza. Yote mawili yananiuma, kwa sababu anayelipa gharama ya ukimya huo si yeye.

Sasa tuingie kwenye karatasi yenyewe, maana hapa ndipo watu wa imani tunapoanguka. Tunaichukulia sahihi ya mdhamini kama barua ya kumsifia mtu: "namfahamu, ni mwaminifu, anasali nasi." Mkopeshaji hajakuuliza hayo. Kwake wewe ni mkopaji wa pili ambaye hakupewa fedha. Anapima mikopo kila siku. Amemwangalia mwenzako, ameona peke yake hatoshi, ndiyo maana akahitaji jina lako. Hebu fikiri: mtu ambaye kazi yake ni kujua nani atalipa ameshasita, na wewe unaambiwa kusita ni kukosa upendo.

Tafuta kwenye mkataba maneno kama "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Mara nyingi yako kwenye ukurasa wa ndani, ule unaoambiwa uweke tu herufi za kwanza za jina lako chini kisha ugeuze. Maana yake ni hii. Chukua mkopo wa 900 wenye wadhamini 3. Kila mdhamini akilini mwake amebeba 300. Marejesho ni 12, kila moja 90, kwa hiyo na riba jumla ni 1,080. Mwenzako analipa mara 4, sawa na 360, kisha anakwama. Limebaki deni la 720. Mikataba mingi ina kifungu kwamba akishindwa kulipa kwa muda fulani, salio lote linadaiwa kwa mkupuo. Juu yake inakuja adhabu ya kuchelewa na gharama za ufuatiliaji. Mkopeshaji hana wajibu wa kuwagawia wadhamini kwa usawa. Anamfuata mwenye mshahara unaoonekana. Wewe uliyehesabu 300 unadaiwa 720 na kuendelea, na kuwadai wenzako wawili sehemu yao ni shughuli nyingine utakayoifanya mwenyewe, kwa muda wako na gharama zako.

Angalia pia kama dhamana ni ya mkopo huu tu au ni endelevu. Dhamana endelevu hubeba na mikopo atakayochukua baadaye. Anamaliza huu, mnashukuru pamoja kwenye ibada, anachukua mwingine mkubwa zaidi, na jina lako bado limo. Angalia kama kuna kiwango cha juu cha unachoweza kudaiwa. Pasipo na kiwango, riba na adhabu vinaendelea kukua ukiwa umelala. Angalia kama mkopeshaji anawajibika kukujulisha marejesho ya kwanza yakikosekana. Kama hawajibiki, unaweza kupata habari mwezi wa sita, wakati ambapo mazungumzo ya kupanga upya deni yangefaa mwezi wa kwanza. Na mkopaji mwenyewe hatakuambia. Ana aibu, na bado anatumaini mwezi ujao utakuwa mzuri. Aibu hiyo ndiyo inayomfanya aache kwanza kupokea simu yako, kisha aache kuja kwenye maombi.

Hapo ndipo upendo wenyewe unapouawa, na hili ndilo linalonifanya niandike kwa ukali. Kabla ya sahihi alikuwa ndugu. Baada ya sahihi unamwona na viatu vipya, na macho yako yanashuka kwenye viatu kabla ya kumsalimu. Anatoa sadaka, wewe unajiuliza imetoka wapi. Katika 1 Wakorintho 13:5 Paulo anasema upendo "hauhesabu mabaya", na kitenzi alichotumia, logizomai, ni cha watu wa hesabu: kuandika kwenye daftari, kumwekea mtu kwenye jina lake. Dhamana inakulazimisha kushika daftari hilo. Huwezi kuliweka chini hata ukitaka, kwa sababu mkopeshaji anakuletea nakala.

Tukiwa sura hiyohiyo, tuumalize ule mstari uliopigiwa nao. "Huvumilia yote, huamini yote" ni mstari wa 7. Wa 6, unaotangulia, unasema upendo haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli. Kwa hiyo ile "yote" ya mstari wa 7 imeshapita mlango wa kweli. Kuamini yote hakumaanishi kuamini hesabu ambayo hujaonyeshwa. Tena katika Kiswahili chetu neno "huvumilia" limetokea mara mbili, mstari wa 4 na wa 7, wakati Kigiriki kina maneno mawili tofauti. La mstari wa 4 ni subira ya mtu asiyekuwa mwepesi wa hasira. La mstari wa 7 ni stego, lenye undugu na neno la paa la nyumba: kufunika, kuzuia, kubeba kilichoko juu. Paa hubeba uzito uliopimwa kwa nguzo zake. Ukilizidishia linawaangukia waliomo ndani, na kwako waliomo ndani ni mwenzi wako na watoto ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kudhamini.

Najua utakachojibiwa ukiwapelekea haya, kwa sababu hoja ni zilezile tatu. Ya kwanza: "Yesu mwenyewe ni mdhamini", Waebrania 7:22. Kweli kabisa. Ni mdhamini wa agano, aliijua gharama tangu mwanzo, alikuwa nacho cha kulipa, na alilipa. Ya pili: Yuda mwana wa Yakobo alimdhamini mdogo wake Benyamini, Mwanzo 43:9. Alimdhamini, naam, na ukifika 44:33 anaomba abaki yeye mtumwa badala ya kijana. Alijua dau ni yeye mwenyewe na alikuwa tayari siku hiyohiyo. Je, uko tayari kulipa deni lote la mwenzako Ijumaa hii, likiwa mkononi, bila nyumba yako kutikisika? Kama ndiyo, basi mpe tu hizo fedha na mkopo wa nini tena. Ya tatu ndiyo yenye nguvu kidogo: Paulo kwa Filemoni, mstari wa 18 na 19, "ukiandike hicho juu yangu... mimi nitalipa." Lakini soma kilichopo. Deni au hasara ilikuwa imeshatokea, Paulo hadhamini matumizi yajayo ya Onesimo, mtumwa wa Filemoni. Anajitwika mwenyewe kwa hiari, kwa mkono wake, hakuna aliyemsukuma kwa kumtilia shaka upendo wake.

Kusukumwa huko ndiko kunakonikera kuliko yote. 2 Wakorintho 8 na 9 ni sura mbili nzima za kuchangisha fedha, na Paulo anaomba kwa nguvu bila kuona haya. Hata hivyo 8:12 inasema nia ikiwepo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. 8:13 inaongeza kwamba hasemi ili wengine wapate raha na ninyi mpate dhiki. 9:7 inasema isiwe kwa huzuni wala kwa lazima. Kiongozi anayekupa hadi Ijumaa kuchagua kati ya kutia sahihi na kuhesabiwa umepoa amevunja yote hayo kwa sentensi moja. Waliotufundisha hivyo hawakuwahi kuweka majina yao wenyewe kwenye ukurasa ule. Muulize wako, kwa heshima, kama yeye atakuwa mdhamini wa pili.

Kuhusu agape nitakuwa mfupi. Somo la kwamba agape ni upendo wa Mungu usio na masharti, philia ni wa marafiki na eros ni wa kimapenzi linapendeza ubaoni, lakini Biblia haitumii maneno hivyo. Eros halimo kabisa katika Agano Jipya. Kitenzi cha agape kinatumika kwa watu waliopenda giza (Yohana 3:19) na kwa Dema aliyeupenda ulimwengu huu akamwacha Paulo (2 Timotheo 4:10). Katika Agano la Kale la Kigiriki, neno hilohilo linatumika kwa Amnoni aliyempenda Tamari, dada yake wa baba mmoja, 2 Samweli 13, kisha akambaka. Baba kumpenda Mwana kunatajwa kwa agapao (kitenzi cha agape) katika Yohana 3:35 na kwa phileo (kitenzi cha philia) katika 5:20. Hivyo neno peke yake halibebi mafundisho. Yanabebwa na kinachotendwa. 1 Yohana 3:17-18 inakitaja: unacho, unamwona ndugu ni mhitaji, unampa. Tena inaanza na "unacho".

Sasa cha kufanya kabla ya Ijumaa. Mwenzako ana shida ya kweli, na kukataa sahihi ukaishia hapo si upendo pia. Leo usiku kaa naye, wawili tu, umuulize mambo matatu: anadaiwa na nani na nani, kiasi gani kwa kila mmoja, na fedha hizi mpya zinaenda wapi hasa. Akikataa kuonyesha, umeshajua. Kisha nenda nyumbani, toa kwenye kilichopo mahitaji ya nyumba na madeni yako mwenyewe, mshirikishe mwenzi wako, na kitakachobaki kigawe mkiwa mmekubaliana. Mpe kama zawadi, na uiite zawadi kwa mdomo wako. Usiiite mkopo kwa kumwonea haya, kwa maana ukishaita mkopo daftari limefunguliwa. Ikiwezekana lipa moja kwa moja pale panapodai.

Kama shida ni deni la zamani, msaidie kuandika barua ya kuomba marejesho yapangwe upya. Iende kabla hajakosa malipo, iwe na kiasi anachoweza kulipa kweli kila mwezi. Saa mbili zako mezani na karatasi zake zinaweza kumfaa kuliko jina lako. Na pelekeni hitaji kanisani rasmi. Katika Matendo 6 mitume hawakumtafuta muumini mmoja wa kubeba malalamiko ya wajane. Walichaguliwa watu 7 wa kulisimamia jambo hadharani.

Kama umeshatia sahihi mahali popote, Mithali 6:3-5 inasema usilale kabla hujajinasua, na hilo lichukue kama lilivyo. Ikiwa fedha hazijatoka, andika barua ya kujiondoa asubuhi na udai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Zikiwa zimetoka, omba kwa maandishi kiwango cha juu, taarifa ya salio kila mwezi, na jina la mdhamini mbadala likubaliwe.

Mwenzako akikuuliza kwa nini hutii sahihi, usijifiche nyuma ya mwenzi wako au ya kazi. Mwambie hivi: "Ndugu yangu, sitakuwa mdhamini. Nimekuletea hiki, ni chako, hunidai. Na kesho jioni nakuja tuandike ile barua, uwe na karatasi zote."