Pima kilo, usihesabu marobota: kwa anayeingia biashara ya nyasi kavu

Ndugu unayeanza, iwe umekodi ekari tano Rongai ya Nakuru upande boma rhodes, aina ya nyasi za malisho, au una ng'ombe watano Kajiado na unatafuta pa kununua nyasi, najua swali lako la kwanza: "Robota ni pesa ngapi sasa?" Mimi pia niliuliza hivyo miaka yangu ya mwanzo, na nilipoteza pesa nyingi kwa kuuliza hivyo. Robota ni furushi lililofungwa kamba. Ndani yake mna kilo 10 au kilo 18, na kwa macho huwezi kujua.

Chukua mfano huu. Muuzaji wa kwanza anakupa robota kwa shilingi 250, wa pili anataka 280. Wengi hukimbilia wa kwanza. Ukipima, la kwanza lina kilo 12 na la pili kilo 16. Kwa hiyo kwa wa kwanza unalipa karibu shilingi 21 kwa kilo, na kwa wa pili 17 na nusu. Kisha ongeza usafiri. Mwenye lori hukutoza kwa robota kwa sababu nyasi hujaza gari kabla hazijafikisha uzito wake. Akikutoza 60 kila moja hadi Kajiado, kilo ya wa kwanza inafika kwako karibu shilingi 26, ya wa pili 21 na kidogo. Aliyeonekana ghali ndiye rahisi, na kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo robota jepesi linavyozidi kukuumiza. Nunua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano. Pima marobota kumi uliyoyachagua mwenyewe sehemu mbalimbali za ghala, si yale uliyosogezewa mlangoni, halafu tafuta wastani.

Hata hivyo kilo nazo hudanganya, kwa sababu maji pia yana uzito. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipoumia. Msimu mmoja niliona mawingu, nikafunga nyasi zangu kabla hazijakauka sawasawa na kuzirundika hadi paani. Marobota yalikuwa mazito, nikafurahi. Baada ya wiki moja niliingiza mkono katikati ya robota nikauondoa haraka: kulikuwa na joto kali kama la mbolea inayooza. Tulitoa yote nje, na nusu yalikuwa na ukungu mweupe na harufu ya vumbi lililooza. Rundo kama hilo linaweza kuwaka lenyewe na kuchoma ghala. Hata lisipowaka, nyasi zenye kuvu ni hatari: sumu ya baadhi ya kuvu hupita kwa ng'ombe ikaingia kwenye maziwa, na maziwa hayo yanakwenda kwa watoto. Zile zangu niliziteketeza. Usiziuze kwa bei ya chini, wala usimpe jirani bure.

Kwa hiyo mkulima, kunja nyasi mkononi kabla ya kuita mashine ya kufunga marobota. Shina likipinda kama uzi, ngoja. Likivunjika kwa mlio, funga. Na mnunuzi, usitosheke na kutazama robota kwa nje. Kata kamba ya moja, lifungue, ulinuse. Nyasi njema hunukia kama chai kavu na bado zina rangi ya kijani.

Lakini ubora wa nyasi hutegemea siku ya kukata kuliko kitu kingine chochote. Boma rhodes hukatwa inapoanza kutoa maua, kama nusu ya shamba limechanua. Kishawishi cha kungoja ni kikubwa: kila wiki shamba linarefuka na unaanza kuyahesabu marobota yatakayoongezeka. Lakini unachoongeza ni mashina. Protini ya nyasi iliyokatwa mapema hufika hata asilimia 10. Ikikomaa na kumwaga mbegu hushuka hadi 4 au 5, na hapo umekaribia mabua ya ngano ya Narok, ambayo mfugaji huyapata kwa bei nafuu zaidi. Ng'ombe wa maziwa akilishwa hayo peke yake, atashiba na maziwa yatapungua. Mnunuzi wako hatakulalamikia. Msimu ujao ataenda kwa mwingine tu.

Jambo jingine ambalo wageni hulisahau ni foleni ya mashine. Mvua inapokatika, eneo zima hukata kwa wakati mmoja, na mwenye trekta ya kufunga ni mmoja kwa mashamba ishirini. Mwekee nafasi kabla ya kukata. Ukikosa, sanduku la mbao la kushindilia kwa miguu ni la kuheshimika kabisa kwa ekari moja au mbili.

Sasa bei zenyewe. Miaka ya kawaida, baada ya mvua, nimenunua robota shambani kwa shilingi 150 hadi 200. Januari hadi Machi hupanda, 250 hadi 350 si ajabu. Ukame ule uliokula misimu mitano ya mvua mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020, ulipandisha bei zaidi ya hapo na bado watu waligombania, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa Kenya. Niliona wazee wakiuza ng'ombe wawili ili wanunue nyasi za kuokoa mmoja. Sijaweza kuisahau picha hiyo, na ndiyo sababu nawasihi wafugaji wanunue mapema.

Ukame huo ulivuta wengi kulima nyasi. Kisha mvua kubwa za mwisho wa 2023 na za Machi hadi Mei 2024 zikajaza malisho kila mahali, na waliokuwa wamefungia mzigo wakingoja bei ya ukame wakabaki nao. Ushauri wangu kwa mkulima: uza sehemu wakati wa mavuno ulipe gharama zako, weka sehemu hadi kiangazi, na mvua ikianza usingoje. Wiki chache tu malisho yanarudi na simu zinanyamaza. Fuata utabiri wa idara ya hali ya hewa, na usome taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame kwa kaunti kavu. Zinaeleza hali ya malisho na umbali mifugo inaotembea kutafuta maji. Hali ikifikia serikali na mashirika kununua nyasi za msaada, mzigo mkubwa hutoka sokoni kwa mpigo na mfugaji mdogo hubaki na mabaki.

Kuhusu madalali, wapo waaminifu na nimefanya nao kazi. Ila usitume pesa kwa sababu ya picha uliyotumiwa kwenye simu. Lipa ukiwa umesimama mbele ya mzigo.

Kwa mnunuzi, hesabu ya kiangazi ni rahisi. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 huhitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Tuseme 7 kati ya hizo zitatoka kwenye nyasi kavu, nyingine kwenye nyasi mbichi za nepia na pumba. Ng'ombe watano kwa siku 90 ni kilo 3,150, yaani marobota 210 ya kilo 15. Ongeza marobota 20 kwa nyasi zitakazomwagika na kukanyagwa. Yapange juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, na uwe umemaliza kuyapakua kabla ya Krismasi.