Mbona methani inawaka na mazuku yanazima moto?

SWALI: Mwalimu, tunafundishwa kwamba kuvunja vifungo vya molekuli kunakula nishati. Basi mbona methani, gesi ya Ziwa Kivu, inatoa moto, na mazuku, ile gesi inayotoka ardhini hapa kwetu, yanazima hata kibiriti? Zote zina kaboni. (Mwanafunzi, Himbi, Goma)

JIBU: Umefundishwa sawa. Joto halitoki katika kuvunja, linatoka katika kufunga upya. Chukua moli 1 ya methani (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), upige hesabu kwa kilojuli, kipimo cha nishati. Unavunja vifungo 4 vya kaboni na hidrojeni, 413 kila kimoja, na vifungo 2 maradufu vya oksijeni, 498 kila kimoja: jumla 2648. Kisha vinafungwa 2 maradufu vya kaboni na oksijeni, 799 kila kimoja, na 4 vya oksijeni na hidrojeni, 463 kila kimoja: jumla 3450. Tofauti, 802, ndiyo joto unalopikia. Kibiriti kinalipa gharama ya kuanzia tu.

Wengi wanaanguka hapa: kwa kifungo maradufu cha kaboni na oksijeni wanachukua 745, thamani yake katika ketoni, molekuli za aina nyingine, wanapata 694. Katika kaboni dioksidi kifungo ni kigumu zaidi, andika 799.

Mazuku ni hiyo kaboni dioksidi. Kaboni yake imeshafungwa na oksijeni, haina tena cha kuchoma. Moli yake ina gramu 44, ya hewa kama 29, ndiyo maana hulala mabondeni na mashimoni. Usishuke kuyapima kwa kibiriti, mwanangu: hayana rangi wala harufu, na unaweza kuzimia kabla hujageuka kupanda.