Mwanangu kafungwa miaka 30 kwa simu, aliyeua kapewa mitano. Ni haki?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa Mikindani, Mtwara. Msimu wa korosho uliopita mwanangu na mwenzake walimsimamisha dereva wa bodaboda usiku, wakamnyang'anya simu na pesa za siku. Walikuwa na panga ila hawakumkata. Lilipoletwa mahakamani nililitambua: ni langu la kufyekea mikorosho, mpini nimeufunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli. Kafungwa miaka 30. Mtaani kwetu kijana alimpiga mwenzake ngumi kwenye uraka, ile pombe ya mabibo, akaanguka, akafa. Huyo kapewa miaka mitano. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, mama yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili. Mara ya pili nikaona dereva umemtaja, kisha ukamwacha palepale barabarani. Wewe unaukumbuka mpini, na mzazi gani asingeukumbuka. Yeye aliona makali.

Katika fiqhi, yaani sheria ya dini, ya Imamu Shafii tunayoifuata huku pwani, alilolifanya mwanao haliitwi wizi. Wizi ni kuchukua kwa kificho. Kumzuia mtu njiani kwa silaha ni hiraba, na Aya ya 33 ya Suratul Maida imeihesabu kuwa ni kumpiga vita Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Mwizi wa kuku kamwibia mwenye kuku. Aliyesimama gizani na panga kawanyang'anya watu wote njia yenyewe. Kwa hiyo neno "kwa simu" tuliondoe.

Lakini hukumu ya aya hiyohiyo ina ngazi. Aliyeua na kupora ana yake, aliyeua tu ana yake. Aliyepora bila kuua hukatwa mkono na mguu, na hilo ni pale mali ilipofika robo dinari, yaani gramu moja na kidogo ya dhahabu. Aliyetisha tu bila kuchukua kitu hufungwa au huhamishwa, kwa kadiri atakavyoona kadhi. Na Aya ya 34 inawatoa waliotubu kabla ya kukamatwa. Sheria ya nchi, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, imeweka miaka 30 kuwa kiwango cha chini cha unyang'anyi wa kutumia silaha. Awe kakata mtu, awe kaonyesha panga tu, hakimu hana pa kushukia. Hapo nakuunga mkono: angeachiwa nafasi ya kutazama umri na kosa la kwanza. Kumwambia hivyo mbunge wako si kuasi.

Sasa yule wa ngumi. Ngumi kwa kawaida si kitu cha kuulia, ndiyo maana wanavyuoni wakaliita tendo hilo shibhul amdi, linalofanana na kusudi. Halina kisasi. Lina kafara, na diya, yaani fidia ya damu kwa warithi, nzito ya ngamia 100 ambayo ukoo wa muuaji huibeba kwa miaka mitatu. Kwa sheria ya nchi ni kuua bila kukusudia: juu kuna kifungo cha maisha, chini hakuna kikomo, hivyo jaji aliweza kutoa mitano. Angekusudia, hukumu ingekuwa kunyongwa. Nia inapimwa pamoja na damu, na hilo ni haki.

Mimi kinachonikera ni kingine. Iwe mitano, iwe 30, marehemu kama ameacha watoto, miaka ya gerezani haiwanunulii hata kibaba cha unga. Diya ingewalisha. Tunagombana juu ya miaka ya mfungwa, na aliyedhulumiwa hayumo kwenye hesabu.

Kuhusu mwanao: notisi ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10 na rufaa ndani ya siku 45. Zikiwa zimepita, aombe Mahakama Kuu imwongezee muda. Ila dereva asifuatwe ili ageuze maneno yake. Huo ni ushahidi wa uongo, na dhambi yake ni kubwa.

Mfuate kwa jambo jingine. Chukua mzee mmoja wa msikitini, nenda na thamani ya simu na pesa zile, kwa niaba ya mwanao, kwani haki ya mja, yaani ya binadamu aliyedhulumiwa, haifutwi na kifungo. Akisamehe, alhamdulillah. Akikataa, msamaha ni wake, pesa umwachie.

Wallahu aalam.