Barua kwa mwanangu Tusekile, kuhusu kozi ya kuchora

Mwanangu Tusekile,

Natumaini hujambo huko Mwanjelwa na kazi zinakwenda. Sisi huku Tukuyu tu wazima, mama yako anakusalimu, mvua ndiyo hiyo unayoijua.

Umeniuliza kama ulipie ile kozi ya kuchora ya mtandaoni, ya miezi sita, wakati video za bure zimejaa na watu tayari wanakulipa uwachoree picha za penseli. Tena ukauliza kama kweli mkono unaweza kufundishwa kwa simu. Lipa, mama, ila ujue unalipia nini. Video utazipata bure. Hela yako inakwenda kwenye mpangilio wa masomo, na zaidi kwa mtu atakayeikagua kazi yako akakuonyesha ulipokosea. Kama kozi hiyo haina wa kukusahihisha, usitoe hata shilingi.

Nasema hivi kwa sababu ya picha ya bibi yako uliyotuletea Krismasi. Kope umezichora moja moja, kilemba kimetulia, na kila anayeingia sebuleni anamtambua bibi. Lakini mimi niliyekula mkate wa kuchora ramani za majengo naona jicho limelala bapa juu ya uso. Jicho ni mpira. Limekaa ndani ya shimo la mfupa, na ngozi ya kope imelizunguka, nayo ina unene wake: ukingo wa kope ya chini unapokea mwanga, ya juu inaangusha kivuli chembamba juu ya jicho lenyewe. Picha ya simu haikuelezi hayo, na ile miraba unayoipiga ili unakili kipande kwa kipande haikulazimishi kuyajua. Ndiyo maana mteja akikuomba umchore mtu yuleyule akiwa amegeuka upande, unakwama.

Ufundi wa juu unaoutafuta ni huo, kulijua umbo mpaka upande usiouona. Andrew Loomis, mchoraji wa Marekani, alifundisha kukianza kichwa kwa mpira uliokatwa kidogo ubavuni, kulia na kushoto, taya likafuata baadaye. Ukiweza kuuzungusha mpira huo kwenye karatasi, uso utaugeuza utakavyo. Na kabla ya mpira kuna boksi. Yapo masomo ya bure yanaitwa Drawabox, ya Irshad Karim, yenye zoezi la kuchora maboksi 250, kila moja kwa mkao wake, kisha unairefusha mistari kwa rangi nyingine uone kama kweli inakaribiana kadiri inavyokwenda mbali. Hapo hakuna kujidanganya. Anasisitiza pia kwamba nusu ya muda wako wa kuchora iwe ya kuchora unachokipenda tu, na ninaomba hilo ulishike, maana najua ukianza jambo unavyojibana. Anza na hayo huku unakusanya ada.

Kuhusu kujifunza bila mwalimu kuwa mbele yako, halikuanza na intaneti. Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, huko Borinage nchini Ubelgiji. Alichukua kurasa za mafunzo za Charles Bargue, zilizochapishwa Paris, akazinakili tena na tena. Zilipangwa kwa hatua: jicho, sikio, mguu, halafu mwili mzima. Mpangilio ulimfikisha mbali, lakini mwishoni mwa 1881 alikwenda The Hague kwa Anton Mauve, mchoraji aliyemwoa binamu yake, ili apate mtu wa kumwelekeza. Mwenye bidii ile bado alihitaji jicho la pili.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, waombe wakuonyeshe kazi moja ya mwanafunzi iliyosahihishwa. Angalia kama mwalimu amechora juu yake, akaonyesha bega lilipopaswa kuwa, au ameandika tu "vizuri sana". Uliza kama masomo yanapakulika, umeme na bando unavijua. Na kama malipo ni ya kila mwezi kwa kadi, jua kabisa namna ya kuyasitisha, la sivyo wataendelea kukukata hata ukiacha.

Mazoezi mengine hayataki bando. Chukua kile chungu cha Kikisi mama yako alichokununulia Matema. Kiweke karibu na dirisha, zima taa, mwanga uje upande mmoja tu. Mdomo wake ni duara, lakini ukiwa umekaa unauona duaradufu. Simama, duaradufu inafunguka. Inama mpaka mdomo uwe usawa wa macho yako, inakuwa mstari. Chora hali zote tatu, hiyo ndiyo perspektivu yenyewe, yaani umbo linavyobadilika kufuatana na unapolitazamia. Kisha tazama tumbo la chungu: mahali penye mwanga, panapoanza kufifia, kivuli kizito, halafu karibu na meza utaona mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani. Wengi hupaka giza moja kwa moja hadi ukingoni, na chungu kinakuwa bapa. Uuache mwanga huo, ila usiuruhusu ukaribie weupe wa upande wa dirisha. Ukilielewa hilo kwenye chungu, shavu la bibi yako litakuwa jepesi.

Ukija nyumbani tutauchora Rungwe pamoja. Asubuhi baada ya mvua mlima unasogea, makorongo yake unayaona yote. Wakati wa kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa unaufifisha mpaka ukaribiane rangi na mbingu. Kwa hiyo penseli ya 6B, ile laini na nyeusi, ni ya migomba iliyo mbele yetu, mlimani tumia H, ile ngumu na hafifu, na mkono mwepesi.

Nitumie jina la kozi na hiyo kazi iliyosahihishwa ukiipata, niitazame mwenyewe. Nikiridhika, nusu ya ada nitatoa mimi, na karatasi za A3 nimeshakuwekea.

Baba yako