Tom Jones ya 1963 mbele ya wakwe?

Ndugu umeuliza kama filamu ya Tom Jones ya 1963 inafaa kuangaliwa sebuleni na wakwe. Jibu langu ni hapana, labda uwe na sura ya mbuzi.

Shida ni ile meza ya chakula. Tom (Albert Finney) na Bi Waters wameketi nyumba ya wageni wakitazamana, hakuna anayesema neno. Kamba mkubwa anavunjwa makucha, kuku anararuliwa, chaza wanafyonzwa, kisha mapea, majimaji yakichuruzika midomoni, macho hayabanduki. Ni kula tu, lakini mama mkwe ataelewa kila kitu! Kwingineko Tom anaigundua kamera na kuivisha kofia ili kumsitiri mwanamke.

Peke yako iangalie. Ilipata Oscar 4, ikiwemo ya filamu bora. Na usidhani ni vichekesho vitupu: uwindaji wa kulungu wa kabaila mmoja aitwaye Western, kule mashambani Somerset, Uingereza, unaanza kwa shangwe na ulevi, halafu unaona ubavu wa farasi umetapakaa damu. Hapo mimi kicheko kilinikauka.