Barua kwa mwanangu: kiwango cha ukosefu wa ajira kikishuka, usifurahi haraka

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Umeniuliza iweje uchumi udorore na watu wapunguzwe makazini, halafu kiwango cha ukosefu wa ajira kishuke. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni kudhani kwamba inamhesabu kila asiye na kazi.

Kwa fasili ya kimataifa, anayehesabiwa ni yule asiye na kazi, anayeitafuta, na aliye tayari kuianza. Aliyeacha kutafuta hutolewa kabisa nje ya nguvukazi, yaani wenye kazi pamoja na wanaoitafuta. Chukua shehia, mtaa wa kwetu Zanzibar, yenye watu wazima 200: 120 wana kazi, 15 wanatafuta. Nguvukazi ni 135, na ukosefu wa ajira ni 15 kwa 135, yaani asilimia 11.1. Sasa watano kati ya wale 15 wamechoka kubisha milango ya hoteli, wamekaa barazani. Wamebaki watafutaji 10 katika nguvukazi ya 130: asilimia 7.7. Kiwango kimeshuka na hakuna hata mmoja aliyepata kazi!

Kwa hiyo gawa wenye kazi kwa watu wazima wote. Hapo ni 120 kwa 200, asilimia 60, kabla na baada. Uwiano huu haudanganywi na aliyekata tamaa. Na fasili ya taifa ya Tanzania ni pana kuliko ya kimataifa, inawachukua hata baadhi ya wasiotafuta, basi usilinganishe jedwali na jedwali kabla ya kusoma maelezo ya chini.

Kwetu kuna jengine. Saa moja tu ya kazi ya malipo au faida katika wiki ya rejea, ile ambayo utafiti unaiuliza, inatosha kukuandika una kazi. Mpishi aliyeachishwa hoteli Paje akauza urojo jioni mbili, ana kazi. Kwa hivyo mdororo wa huku hauonekani sana kwenye idadi ya wasio na kazi. Unaonekana kwenye saa na kipato. Tafuta safu ya ajira pungufu: watu wenye saa chache wanaotaka kuongezewa. Mimi ndiyo ninayoanza kuisoma, kwani mwajiri hukata zamu kabla ya kukata watu.

Mpishi huyo akirudi Pemba kulima muhogo wa kula nyumbani, mambo hugeuka tena. Viwango vya kimataifa vya takwimu za kazi vya 2013 havihesabu kilimo cha chakula cha nyumbani kuwa ajira. Vya 1982 vilihesabu sehemu yake. Jembe lile lile, jibu tofauti. Ukiunganisha miaka iliyopimwa kwa viwango viwili utauona mporomoko ambao haukutokea.

Usilinganishe Mei na Februari. Masika hoteli hupunguza watu kila mwaka, mdororo uwepo usiwepo. Mei ipime kwa Mei ya mwaka jana. Na sampuli ya utafiti ikiwa ndogo, tofauti ya nusu asilimia huenda ikawa ni bahati ya kaya zilizochaguliwa tu, basi angalia kwanza ukingo wa makosa, yaani kadiri ambayo makisio yanaweza kupotoka. Michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, inasaidia, ila huonesha zaidi ajira rasmi. Muuza samaki wa Malindi huenda hayumo.

La mwisho ni kuchelewa. Mdororo wa Marekani ulianza Disemba 2007 ukamalizika Juni 2009, lakini ukosefu wa ajira ulifika kilele cha asilimia 10 Oktoba 2009. Waajiri husubiri wawe na hakika kwanza ndipo waajiri watu, na waliokata tamaa hurudi kutafuta, wakakipandisha kiwango. Kwa hiyo kinaweza kupanda wakati mambo yanatengemaa, kama kilivyoshuka pale shehiani mambo yakiwa mabaya.

Nitumie majedwali uliyonayo, pamoja na hojaji. Nataka kuona swali la kutafuta kazi liliulizwa kwa wiki ngapi zilizopita.

Mamaako